Mwanagenzi Bila Fundi



Ukipita Wamunyu, kwenye barabara ya kwenda Kitui, watazame wachongaji wa Kikamba. Kijana anayeanza kazi hapewi gogo na tezo kali kisha akaambiwa, "Haya, jioni tunataka twiga." Anaketi kando ya fundi. Anapiga msasa, anatazama, anakosea, anasahihishwa. Huyo ndiye mwanagenzi.

Sasa tazama shule zetu. Januari 2023, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 7 walipoingia Sekondari Msingi (JSS), serikali ilipeleka maelfu ya walimu wapya na kuwaita wanagenzi, kwa posho ya Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Wengi walijikuta peke yao, au wawili tu, ndani ya shule ya msingi isiyo na maabara. Mwalimu wa sekondari husomea masomo mawili chuoni. Mtaala wa JSS ulianza na masomo hadi 14, ukapunguzwa kuwa 9 mwaka 2024. Piga hesabu mwenyewe: aliyesomea Kiswahili na Historia akiwa peke yake shuleni, nani anafundisha Sayansi? Ni yeyeyule.

Aprili 2024, Mahakama ya Ajira iliamua kwamba TSC haina mamlaka ya kuajiri wanagenzi. Walimu waligoma, wakasimama imara, na Januari 2025 takriban 46,000 wakaingia katika ajira ya kudumu. Hongera kwao. Haki haikuja yenyewe, ilidaiwa.

Lakini deni moja halijalipwa. Mshahara umepatikana, je, fundi yuko wapi?

TSC ina mpango wake wa kuwapokea na kuwalea walimu wapya, unaitwa TIMEC. Kwa karatasi ni mzuri. Ila Kitui ina zaidi ya kilomita mraba 30,000. Kutoka Tseikuru hadi Ikutha ni safari, na mto Tiva ukijaa, hata bodaboda haivuki. Makueni ni ndogo zaidi, lakini vijiji vya ndani ya Kibwezi haviko karibu na Wote. Mlezi anayekaa makao makuu ya kaunti atamfikia mwalimu mpya mara ngapi kwa muhula?

Halafu kuna gharama. TSC ilipozindua mafunzo endelevu, TPD, mwaka 2021, walimu waliambiwa wajilipie Sh6,000 kila mwaka. Kwa mwalimu anayeanza maisha, hiyo ni kodi ya nyumba.

Kwa hivyo tuseme wazi tunachodai. Kila mwalimu mpya awe na mlezi anayejulikana kwa jina, katika shule yake au shule jirani. Mlezi huyo apunguziwe vipindi, maana hawezi kumtazama mwenzake akifundisha huku darasa lake mwenyewe linamngoja. Walimu wa somo moja katika shule za eneo moja wakutane angalau mara moja kwa mwezi. Na mafunzo ya lazima yalipwe na mwajiri.

Utasema: mimi niko Mombasa au Garissa, Ukambani kunanihusu nini? Kwanza, Waislamu wapo Kitui mjini, wapo Mtito Andei, na watoto wao wako katika madarasa hayohayo. Pili, Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, bila kuuliza kabila lake wala anaswali wapi. Tatu, vuka mpaka wa Kitui uingie Tana River, utakuta umbali uleule na upweke uleule wa mwalimu.

Kama ndiyo umeajiriwa, siku ya kwanza muulize mwalimu mkuu: "Mlezi wangu ni nani?" Usione haya, hata fundi alifunzwa. Kama wewe ni mzazi, au una mdogo wako JSS, peleka swali hilohilo kwa bodi ya shule. Wakikosa jibu, andikieni ofisi ya TSC ya kaunti, mkiwa wengi na kwa majina yenu.

Mtoto wa Gredi ya 7 hawezi kungoja mwalimu wake ajifunze kwa kubahatisha. Mwaka wake ukipita, umepita.