Mcheza Kwao Hatunzwi Tena?

Wahenga walituachia msemo kwamba mcheza kwao hutunzwa. Mimi leo nina shaka nao. Jioni moja barazani kwetu hapa Mombasa niliwapigia vijana wimbo uitwao "Dunia Haina Wema". Walitulia tuli mpaka ukaisha. Nikawauliza, mwimbaji ni nani? Hapana aliyemjua. Nikawatajia jina: Anania Ngoliga, Mtanzania, asiyeona kwa macho bali aonaye kwa moyo. Wakatazamana tu.

Wimbo huo umo katika santuri ya Mmarekani Béla Fleck, iliyotolewa mwaka 2009 kwa jina la "Throw Down Your Heart". Bwana huyu ni bingwa wa banjo. Sisemi ile taishokoto ya vibonye ya taarabu zetu za Pwani, ambayo wengi wetu huiita banjo. Nasema ile ya Marekani, yenye uso uliowambwa mfano wa ngoma, na nyuzi tano. Ndiyo nguzo ya blugrasi, muziki uliokuzwa na Bill Monroe wa Kentucky katika miaka ya 1940.

Wengi hudhani banjo ni mali ya Wazungu. La hasha! Asili yake ni Afrika ya Magharibi, na ilivuka bahari pamoja na watumwa. Ndipo Fleck, mwaka 2005, akafunga safari ya kuirudisha kwa wenyewe, akapita Uganda, Tanzania, Gambia na Mali akipiga pamoja na wenyeji.

Jina la santuri yake amelitoa Bagamoyo, yaani bwaga moyo. Wako wasemao kwamba mtumwa akifika pale na kuiona bahari alikata tamaa, akauacha moyo wake bara. Wengine husema ni wapagazi, waliotua mizigo yao wakashusha pumzi. Fleck alishika maana ya huzuni. Mimi nasema jina limebeba zote mbili, na atakaye kuzisikia pamoja naamsikilize Ngoliga: mna msiba katika sauti ile, na mna kupumzika.

Watu husema wageni huja kutuchukulia nyimbo zetu wakaondoka zao. Hoja hiyo ina uzito, na yametokea mengi. Lakini tuwe na insafu. Juu ya jalada Ngoliga ndiye mwimbaji mgeni. Kwa kweli mgeni ni banjo. Na mgeni huyu hakungoja siku ya tatu apewe jembe. Alilishika mwenyewe, akalima kwa mwendo wa mwenyeji, na wimbo ukabaki kwa Kiswahili chake.

Santuri hiyo ilipata tuzo ya Grammy mwaka 2010. Ngoliga alialikwa Marekani, akaimba mbele ya watu wasiojua neno moja la lugha yake. Na sisi tunaoijua lugha hiyo tangu kwenye maziwa ya mama? Wimbo wake siusikii redioni kwetu. Ni hivyo hivyo kwa marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, ambaye jamaa zake nao wamo katika santuri hiyo: Ulaya walimshangilia, na hapa waulize vijana kumi kama wamjua.

Basi kosa si la mgeni aliyepiga hodi. Kosa ni letu wenye nyumba, tunaongoja Mmarekani atuonyeshe kilichomo chumbani mwetu. Watangazaji wa redio, nyimbo hizi zapatikana. Zipigeni, na jina la mwimbaji mlitaje. Walimu, wafundisheni watoto. Namalizia kwa ubeti:

Mgeni kaja kwa wema, kapiga hodi nyumbani,
Kasikiliza kalima, sauti iliyo ndani,
Nasi wenyeji tu nyuma, twamuuliza ni nani,
Mcheza kwao jamani, atatunzwa siku gani?