Anacheka nyasi za chumbani huku simbilisi wake wanaisha mmoja mmoja

Klipu yenyewe ina sekunde kama thelathini tu. Mdada wa watu, chumba kimoja cha kupanga huko Temeke, dirishani kaweka trei ya plastiki imejaa nyasi za kijani kibichi. Anakata kwa mkasi, anageuka, na simbilisi wake wawili wanaanza kupiga ile kelele yao ya "wii wii" kabla hata hajainama. Basi. Hakuna tusi, hakuna aliyevaa vibaya, hakuna kiki.

Mrembo mmoja anayeuza sura kwenye video za Bongo Fleva (jina kapuni, ila mnamjua) akaichukua klipu hiyo akaiposti kwake na maneno haya: "Mwenzenu kalima shamba chumbani, tusubiri mavuno." Wafuasi wake, kama kawaida yao, wakamshukia mdada. Mshamba. Anajifanya mzungu. Kakosa mwanaume sasa analea panya. Siku ya pili mdada kafunga akaunti.

Haya, sasa tazama kwa huyo aliyecheka.

Kwenye ukurasa wake wamepita simbilisi watatu ndani ya mwaka mmoja. Wa kwanza alikuwa kahawia, kavalishwa utepe wa pinki, kakaa peke yake kwenye sofa jeupe na sahani ya chipsi mbele yake. Akapotea. Akaja mweupe mwenye baka jeusi, huyu akalishwa keki siku ya bethidei ya mrembo na kupuliziwa pafyumu, video ikatrendi kweli kweli. Naye akapotea. Sasa yupo wa tatu, na ukiangalia posti za mwezi huu utamwona kajikunyata kona ileile, manyoya yamesimama, akisogezewa mkono hanyanyuki. Juu yake pameandikwa "mwanangu kachoka leo".

Hakuna daktari aliyewapima wale wawili, kwa hiyo hakuna wa kusema nini kiliwaua. Ila kilichokuwa kwenye sahani kila mtu kakiona.

Simbilisi sio panya wa kula kila anachookota. Mwili wake hautengenezi vitamini C, kwenye hilo yuko kama binadamu. Ndiyo maana mwaka 1907 wanasayansi wawili wa Norway, Holst na Frölich, waliwatumia simbilisi kuchunguza kiseyeye. Waliwalisha nafaka na mikate tupu, na simbilisi wakaugua ugonjwa uleule uliokuwa ukiwamaliza mabaharia. Zaidi ya miaka 100 baadaye mrembo anarudia jaribio hilohilo kwenye sofa lake, bila kujua, na analaikiwa. Simbilisi akikosa vitamini hiyo, wiki mbili tatu tu viungo vinauma, fizi zinatoka damu, kutembea hataki. Halafu meno yake hayaachi kukua mpaka anakufa, na kinachoyasaga ni kutafuna majani kutwa nzima. Chipsi hazisagi jino la mtu. Na simbilisi aliyeacha kula siku nzima ni mgonjwa wa kukimbizwa kwa daktari wa mifugo, sio wa kupigwa picha na filta.

Kinachokera zaidi ni hilo neno "mzungu". Nenda Iringa, nenda Njombe, nenda vijiji vya Mbeya. Simbilisi wanafugwa jikoni, wanapita chini ya miguu ya watu, na jioni mtoto anatumwa akawaletee majani. Wanafugwa wawe mboga, hakuna anayeficha. Asili yao ni milima ya Andes kule Peru, na huko pia wanaliwa mpaka leo. Sasa piga hesabu mwenyewe: bibi wa Njombe anayemfuga simbilisi ili amle anamlisha vizuri kuliko staa anayemwita "mwanangu". Anampa majani kila siku iendayo kwa Mungu, na hajawahi kuambiwa anajifanya mzungu.

Tofauti ni kwamba bibi anayo majani nje ya mlango. Mdada wa Temeke akakate wapi? Mtaroni? Kando ya barabara, pale moshi wa daladala, mafuta na mikojo ya mbwa vinapoishia? Au kwenye bustani ya hoteli iliyopigwa dawa juzi? Kwa hiyo kaotesha mwenyewe, na kabla hajafunga akaunti alieleza anavyofanya, ila watu walikuwa bize kucheka. Ananunua ngano nzima sokoni, isiyosagwa. Anailoweka usiku mmoja, anaimwaga juu ya udongo kidogo kwenye trei yenye matundu chini, anainyunyizia maji asubuhi na jioni. Siku ya tatu imechipua. Wiki moja na ushee imepita urefu wa kidole, anakata. Kilo moja inatoa trei kibao na bei yake haifikii sahani ya chipsi kuku, ile anayopewa simbilisi wa sofani.

Na mdada alijua vitu ambavyo wengi hawavijui. Alionya watu wasichukue mbegu za dukani zilizopakwa dawa, zile za rangi rangi, hizo ni za shamba. Mtama pia usioteshe, miche yake michanga ina sumu. Joto la Dar na unyevu vinaleta ukungu haraka, ukiuona mwaga trei nzima, usichague chague. Akasema pia kwamba hizo nyasi ni kionjo tu, wape kidogo kidogo wasivimbiwe. Nyasi kavu ndiyo ugali, lazima zikae mbele yao muda wote, na kwa vitamini C kipande cha hoho kila siku. (Yule jamaa aliyeanza kuuza "nyasi za tiba" inboksi mara tu klipu ilipovuma, mwacheni. Nyasi ya ngano sio dawa ya kitu.)

Huyo ndiye mshamba wenu.

Kingine, simbilisi hakai peke yake. Ni mnyama wa kundi, mpaka Uswisi wana sheria tangu mwaka 2008 inayokataza kumfuga mmoja mmoja. Mdada anao wawili kwenye chumba kimoja. Mrembo ana nyumba nzima na kila safari amenunua mmoja, akiisha anatafuta mwingine, kama kava la simu.

Wanaomtetea wanasema ni mnyama tu, na kila mtu ana uhuru na cha kwake. Sawa, basi uhuru huo mdada naye alikuwa nao na trei yake, mbona aliwekewa wafuasi wote wa mjini mlangoni?

Mpaka jana usiku ile posti ya "shamba chumbani" ilikuwa bado ipo juu. Zilizofutwa ni komenti za waliouliza huyu wa tatu anaumwa nini.