Kabla Kijana Hajafungua Kikuza Sauti

Huenda nyumbani kwako, juu ya kabati au uvunguni mwa kitanda, kimelala kikuza sauti kidogo cha gitaa cha aina ya valvu, alichokinunua mzee enzi za bendi za dansi. Kijana wako amekiona na amekipenda. Mtaani ameambiwa kwamba kikitiwa spika mpya na transfoma kubwa kitanguruma kama vyombo vya bendi yenye jina. Sasa anakuomba fedha. Je, umpe? Na ukimpa, aanze na kipi?

Tusikidharau chombo hicho. Muziki wetu wa dansi ulikua pamoja na gitaa la umeme. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na Urafiki Jazz mwaka 1970 chini ya kiwanda cha nguo. Huko Musoma nako ilikuwako Mara Jazz. Katika bendi nyingi vyombo vilikuwa mali ya taasisi au ya mwenye bendi, na mpigaji hakuwa na chake ila vidole vyake. Kwa hiyo familia iliyobaki na kikuza sauti kizima imebaki na urithi, nao urithi hauharibiwi kwa majaribio.

Ili tuamue vizuri, tuchukue mfano wa mahali ambapo kosa halina msamaha. Kisiwa cha Rukuba kimo ndani ya Ziwa Victoria, upande wa Musoma, na kila kinachotoka bara, kuanzia chumvi hadi saruji, huvuka maji. Tuseme kikundi cha vijana kimealikwa huko kupiga muziki wa harusi. Kikuza sauti kikiungua saa tatu usiku, fundi hayuko mtaa wa pili. Kwa vijana hao swali si, “Kitanguruma kiasi gani?” bali, “Kitafika asubuhi?” Nasi wa mjini tukilitumia swali hilo kama kipimo chetu, hatutazipoteza fedha.

Tuanze na nguvu. Vikuza sauti vidogo vya zamani, kama Fender Champ ya Marekani au Vox AC4 ya Uingereza, vilikuwa na valvu moja tu ya nguvu na vilitoa wati 4 au 5 hivi, kwa spika ndogo, mara nyingi ya inchi 8. Wati hizo huamuliwa na valvu pamoja na umeme unaozilisha. Ukiweka transfoma kubwa kama tofali, valvu ya wati 5 itabaki kuwa ya wati 5. Hapo ndipo wengi hudanganywa.

Spika nayo haiongezi wati, ila hutofautiana na mwenzake katika kuzitumia. Mafundi hupima kwa kuipa spika wati moja na kusikiliza umbali wa mita moja. Spika dhaifu hutoa desibeli 90 hivi. Spika nzuri ya gitaa ya inchi 12, kama zile za Celestion au Jensen, hufikia 97 na hata 100. Kila nyongeza ya desibeli 3 ni sawa na kurudufisha nguvu ya kikuza sauti. Basi ukitoka 91 ukafika 97, ni kama umegeuza wati 5 kuwa 20, bila kugusa waya mmoja wa ndani. Sikio ni bahili, na halitasikia ongezeko hilo kuwa mara nne. Hata hivyo tofauti itasikika mpaka nje ya ukumbi.

Spika ya inchi 12 haitaingia katika sanduku dogo la zamani. Usilikate sanduku hilo. Mwambie seremala atengeneze lingine la mbao au plaiwudi, kisha uliunganishe kwa waya. Soma idadi ya omu iliyoandikwa kwenye kikuza sauti: kama ni 8, tafuta spika ya omu 8. Spika za gari nyingi ni za omu 4, hivyo usizichukue kwa kuwa tu ni rahisi. Ukinunua iliyotumika, bonyeza karatasi yake taratibu kwa vidole vya mikono miwili, ikikwaruza, iache. Pima kwa mita: spika ya omu 8 iliyo nzima husoma kama 6 au 7. Ichague pia inayoweza kubeba wati zaidi ya zile zinazotolewa na kikuza sauti, angalau mara mbili.

Sasa tuje kwenye transfoma ya kutolea sauti. Kazi yake ni ya mkalimani. Valvu hutoa volti nyingi na mkondo mdogo. Spika hutaka volti chache na mkondo mkubwa. Valvu ya EL84, kwa mfano, ikifanya kazi peke yake hupenda kuona mzigo wa omu 5,000 hivi, ilhali spika ina 8. Transfoma yenye mizunguko 25 upande wa valvu kwa kila mzunguko mmoja upande wa spika huwapatanisha. Weka spika ya omu 4 mahali pa 8, na valvu itaona nusu ya mzigo wake. Ukiondoa spika kabisa wakati gitaa linapigwa ni vibaya zaidi, kwa kuwa volti huruka juu na zinaweza kutoboa kihami cha nyaya za transfoma. Chombo kizima kinaweza kuharibika kwa njia hiyo. Funga spika kwanza, ndipo uwashe.

Transfoma hii ibadilishwe lini? Kwanza, ikiwa imekufa. Pili, ikiwa spika nzuri imekwisha wekwa na bado nyuzi nene hazina uzito. Uzi mnene kabisa wa gitaa hutetema mara 82 kwa sekunde, na chuma kidogo cha transfoma ya bei nafuu hushindwa kuubeba mtetemo huo; chuma kikubwa zaidi huurejesha. Lakini transfoma ya valvu moja huachiwa mwanya mwembamba katika chuma chake, ili mkondo wa moja kwa moja usikishibishe. Ile iliyotengenezewa valvu mbili zinazopokezana haifai hapa, hata ikiwa kubwa na nzuri. Redio ya zamani iliyotumia EL84 inaweza kukupa transfoma inayofaa, ila nyingi zilitengenezewa spika ya omu 3 hadi 5. Ipime kabla ya kuifunga.

Transfoma ya umeme wa kuingilia nayo ina masharti yake. Chombo cha Marekani kiliundwa kwa volti 110 au 117, nasi tunatumia 230. Kukichomeka ukutani bila transfoma ya kupunguza ni kukizika. Mahali panapotumia jenereta, volti hupanda na kushuka. Transfoma iliyofungwa kwa volti 220 ikipewa 250, nyuzi za moto za valvu zilizotaka volti 6.3 hupata zaidi ya 7, na maisha yake hufupika. Kama transfoma ina njia ya 240, itumie hiyo.

Mzazi, nimeliweka mwisho jambo linalopaswa kutangulia katika matendo. Ndani ya sanduku hilo mna volti 250 hadi 350. Kapasita zake huendelea kushika umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, nazo zinaweza kuua. Fundi huzimaliza nguvu kwa rezista, kisha hupima kwa mita kabla ya kutia mkono. Tena, vyombo vingi vya zamani vilikuja na waya wa njia mbili, bila wa ardhini. Mwimbaji ameshika nyuzi za gitaa, midomo yake iko kwenye maikrofoni: hitilafu moja yatosha kumwangusha. Waya wa njia tatu, wenye ardhi iliyofungwa kwenye chuma cha kikuza sauti, ndiyo marekebisho ya kwanza, na ni ya bei ndogo kuliko yote.

Basi mjibu kijana wako hivi. Fedha za kwanza ni za waya wa ardhini na fundi anayejua valvu. Kijana akae kando atazame na kujifunza. Za pili ni za spika na sanduku. Za transfoma zisubiri mpaka mita, wala si maneno ya mtaani, iseme kwamba zinahitajika. Akifuata mpango huo, siku atakapopanda boti kwenda kupiga harusi Rukuba, nawe utalala usingizi.