Ligi iliyokula mtaji wake



Wanawake wa TP Mazembe walipochukua kombe la vilabu bingwa vya Afrika kule Morocco, Novemba 2024, wasichana wetu walifurahi sana. Wengine sasa wanatuuliza: mpira unaweza kumlisha mwanamke? Juma hili tuwajibu kwa habari ya kweli kutoka Marekani. Inahusu pia sanduku la feza la vikundi vyetu.

Julai 1999, watu zaidi ya 90,000 waliingia uwanja wa Pasadena kutazama fainali ya Kombe la Dunia la wanawake. Marekani iliishinda China kwa penalti, na nchi ikashangilia. Tajiri mmoja wa televisheni, John Hendricks, pamoja na wenzake, wakaamua kuanzisha ligi ya wanawake wanaolipwa mshahara. Waliiita WUSA. Ilianza Aprili 2001 ikiwa na timu nane, na mechi ya kwanza, huko Washington, ilitazamwa na watu zaidi ya 34,000.

Mtaji ulikuwa dola milioni 40, nao walipanga utoshe miaka mitano. Uliisha katika mwaka wa kwanza.

Uliishaje? Walipanga matumizi kwa kuangalia ile siku kubwa ya Pasadena. Lakini siku za kawaida watazamaji walikuwa kama 8,000 kwa mechi, na kufika 2003 walikuwa chini ya 7,000. Makampuni makubwa waliyotegemea yatoe feza hayakufika kwa hesabu waliyoiweka. Wachezaji wenyewe walikubali kupunguziwa mshahara ili ligi isife. Haikusaidia. Tarehe 15 Septemba 2003, siku tano tu kabla ya Kombe lingine la Dunia, ligi ilifungwa. Hasara ilifika karibu dola milioni 100. Wachezaji walienda kwenye Kombe wakijua hawana kazi ya kurudia.

Ligi ya pili ilianza 2009, nayo ikafa 2012. Ya tatu, NWSL, ilianza 2013 na mfuko mdogo. Mashirikisho ya mpira ya Marekani, Kanada na Mexico yalilipa wachezaji wa timu zao za taifa. Wengine walipata kidogo sana, hata dola 6,000 kwa msimu mzima, wakilala kwa familia zilizowapokea. Hatusifu mwanamke kulipwa kidogo. Lakini ligi hiyo ingali hai, na mishahara imepanda kadiri feza zilivyoingia.

Wamama, haya tunayajua. Siku ya kuzindua kikundi, viti vinajaa, wageni wa shirika wanatoa hotuba, tunapiga makofi. Kesho yake tunanunua vikwembe vya namna moja, tunapanga nyumba ya ofisi, tunakopa mashine, tukihesabu feza za mradi ambazo hazijafika. Mradi ukiisha, wageni wanarudi kwao na sisi tunabaki na deni.

Mama anayeuza ndakala hafanyi hivyo. Anajua kwamba mwezi ukiwa mkubwa, taa haivuti samaki na wavuvi hawaingii ziwani. Basi katika usiku wa giza, samaki wakiwa wengi, anaweka akiba ya zile siku za mwezi. Anapanga chakula cha nyumba kwa siku mbaya, si kwa siku nzuri.

Katika mkutano wa juma hili, kabla ya kufungua sanduku, tuulizane:

1. Mfadhili akiondoka leo, michango yetu wenyewe inalipa nini?
2. Katika feza tulizoandika kwenye daftari, ngapi zimo sandukuni na ngapi ni ahadi tu?
3. Ni tumizi gani linaweza kungoja mpaka mwaka ujao?

Mwenye daftari asome hesabu kwa sauti, hata wale wasiojua kusoma wasikie.

Na ninyi wasichana, chezeni. Ila msiache shule wala ufundi kwa sababu mtu amekuja na ahadi ya mshahara. Mwulizeni kwanza feza iko wapi, na itatosha miezi mingapi.

Tuonane juma lijalo.