Usiku wa kabla ya upasuaji



Wapo wagonjwa ambao wakiambiwa watapasuliwa, swali lao la kwanza si kama watapona. Huuliza, “Nitaendaje kanisani?” Hao wameelezwa kwamba kwa sababu ya saratani, au utumbo uliojisokota, sehemu ya utumbo mpana itatolewa nje kupitia tundu tumboni, na haja kubwa itatokea hapo na kuingia kwenye mfuko uliobandikwa juu ya ngozi. Ndiyo kolostomia. Kwa wengine ni ya miezi michache, kwa wengine ni ya maisha.

Tumelelewa tukijua kwamba mambo ya haja hayasemwi mbele za watu, kwa hiyo habari hii tunaipokea kama aibu kabla ya kuipokea kama tiba. Wapo wanaoahirisha hadi ugonjwa unasambaa. Wapo wanaoambiwa kwamba kukubali kisu ni kukosa imani. Ushauri huo unaua, nasema wazi.

Tusome Mathayo sura ya 26. Usiku wa kabla ya mateso Bwana hakujifanya shujaa. Alihuzunika, akaomba kikombe kimwepuke, akarudia mara tatu, na akataka Petro, Yakobo na Yohane wakeshe naye. Basi kulia kabla ya upasuaji si upungufu wa imani. Unaagana na mwili uliouzoea, uulilie.

Kisha uliza maswali. Omba kuuona mfuko, uushike, uone unavyobandikwa na kumwagwa. Omba wakuchoree alama mahali tundu litakapokuwa, wakikutazama umeketi, umesimama na umeinama, ili mkanda wa suruali au fundo la khanga lisikae juu yake. Nyama ile nyekundu, inayofanana na ndani ya shavu, yenyewe haihisi maumivu. Wengi hawalijui hilo. Uliza pia kama yupo anayeishi na mfuko aliye tayari kuzungumza nawe. Nusu saa naye itakufaa kuliko mahubiri yangu matatu. Mume au mke wako awepo, na mambo ya unyumba yaulizwe hapohapo. Daktari hatashangaa.

Na padre aitwe mapema. Bado tunamficha padre hadi mgonjwa akate kauli, kana kwamba Mpako wa Wagonjwa ni tiketi ya kaburini. Katekisimu, namba 1515, inasema yafaa kuupokea kabla ya upasuaji mkubwa.

Wale mitume watatu walilala. Sisi wa jumuiya ndogo ndogo tuna usingizi wetu: tunafika wodini na juisi, tunasimulia jirani aliyefia mezani, tunaaga. Mgonjwa akirudi nyumbani, hatumwoni kanisani, na hatuulizi. Huenda anaogopa harufu, ingawa mfuko uliobandikwa vizuri hauitoi. Huenda anataka tu benchi la pembeni karibu na mlango, na choo chenye maji kisichofungwa kwa kufuli wakati wa Misa.

Au mifuko imemwishia. Inanunuliwa, na inahitajika wiki baada ya wiki. Kwa jeneza tunachanga siku moja na fedha inatosha. Wenyeviti wa jumuiya, mnapokutana wiki hii, ulizeni nani katika kanda yenu anasubiri tarehe ya upasuaji, na mifuko ya miezi ya kwanza atainunua nani.