Meli za Ziwa Nyasa: Uzinduzi pekee haumfikishi abiria

MAJINA ya meli za Ziwa Nyasa yanasimulia historia ya utawala wa Nyanda za Juu Kusini. Kwa miaka mingi MV Iringa na MV Songea ndizo zilizotegemewa na abiria kati ya bandari ya Itungi, wilayani Kyela, mkoani Mbeya, na Mbamba Bay, mkoani Ruvuma. Zilizofuata zimepewa majina ya MV Mbeya II, MV Njombe na MV Ruvuma.

Mkoa wa Iringa wa leo haugusi ziwa hilo. Uliligusa kupitia Wilaya ya Ludewa, ambayo mwaka 2012 ilihamia katika mkoa mpya wa Njombe. Mipaka ya mikoa imebadilika, lakini utegemezi wa wakazi wa mwambao kwa meli haujabadilika kwa kiasi hicho.

Sababu yake ni maumbile ya nchi. Kusini mwa Matema, milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja hadi majini. Kwa vijiji vya mwambao huo, hadi Lupingu na Manda, meli ndiyo iliyokuwa basi, lori la mazao na gari la wagonjwa.

Ndiyo maana MV Iringa na MV Songea zilipoanza kuchakaa na kuharibika mara kwa mara, hasara haikuishia kwenye vitabu vya kampuni. Ratiba ilivurugika, mizigo ikalala bandarini, na wasafiri wakarudi kwenye mitumbwi na boti za mbao. Ziwa hilo lina kina cha takriban mita 700, na upepo wa kusi, ambao wenyeji huuita mwera, hulichafua kwa mawimbi makubwa katikati ya mwaka.

Serikali ilijibu kwa kujenga meli mpya. Matishari mawili, MV Njombe na MV Ruvuma, kila moja likiwa na uwezo wa kubeba tani 1,000, yalikamilika mwaka 2017. MV Mbeya II, ya abiria 200 na tani 200 za mizigo, ilizinduliwa mwaka 2021. Zote zilijengwa hapo hapo Kyela na kampuni ya Songoro Marine.

Hatua hiyo ilistahili pongezi. Hata hivyo, historia ya maziwa yetu inaonya kwamba upya wa meli si kinga, na ukongwe pekee si hukumu.

Julai 1946, meli ya Vipya ilizama katika Ziwa Nyasa upande wa Malawi, na watu wapatao 145 walifariki. Ilikuwa meli mpya, katika safari yake ya nne. Kwa upande mwingine MV Ilala, iliyoanza kazi katika ziwa hilo hilo mwaka 1951, imeendelea kuhudumu kwa miongo mingi kwa sababu imekuwa ikikarabatiwa.

Katika Ziwa Victoria, MV Bukoba ilikuwa na umri wa miaka 17 tu ilipozama Mei 21, 1996 na kuua mamia ya watu. MV Nyerere, iliyoruhusiwa kubeba watu 101, ilipinduka Septemba 20, 2018 na kuua watu 228. Katika ajali zote mbili, idadi ya abiria ilizidi uwezo wa chombo.

Hapo ndipo matengenezo na msongamano vinapokutana. Meli moja isipofika kwa wiki kadhaa, abiria wa safari zote zilizokosekana humsubiri nahodha wa chombo kitakachotangulia kufika. Ni vigumu kwa ofisa wa bandari kumzuia mama mwenye mtoto mgonjwa asipande, wakati hawezi kumweleza meli nyingine itakuja lini.

Kuitunza meli ya ziwani pia kuna ugumu wake. Ziwa Nyasa halina njia ya meli kwenda baharini, kwani Mto Shire unaotoka humo una maporomoko. Chombo hakiwezi kupelekwa Dar es Salaam au Mombasa kutengenezwa. Chelezo, mafundi na vipuri lazima vipatikane pale pale. Aidha, mchanga unaoletwa na mito huisumbua bandari ya Itungi.

Gharama hizo haziwezi kubebwa na nauli ya mkulima wa Lupingu pekee. Iwapo taifa linakubali kwamba meli hiyo ni huduma kama barabara, basi fedha za matengenezo zinapaswa kutengwa kila mwaka, kama zinavyotengwa za barabara, badala ya kutafutwa injini inapokuwa imekwisha kuzimika.

Kwa msafiri anayesubiri ufukweni, kipimo ni kimoja: meli kufika siku iliyotangazwa, ikiwa salama, na kurudi tena wiki inayofuata.