Kibanda cha Mgeni na Kibanda cha Mlinzi

Katika jimbo la Wisconsin, Marekani, ipo njia ya baiskeli na ya waendao kwa miguu yenye urefu wa takriban kilomita 51, kati ya miji midogo ya Elroy na Sparta. Hapo awali ilikuwa reli, iliyokamilika mwaka wa 1873. Treni zilipokoma, serikali ya jimbo iliinunua ardhi hiyo mwaka wa 1965. Njia mpya ikafunguliwa mwaka wa 1967, ikawa miongoni mwa za kwanza za aina yake nchini humo. Aghalabu wageni hukodi vibanda vya mbao vilivyo karibu ili wapumzike na kufurahia kimya cha usiku.

Kimya hicho kina historia. Njia hiyo hupita katika mahandaki matatu, na lile refu zaidi, karibu na kijiji cha Norwalk, linapita kilomita moja. Wakati wa baridi kali, barafu ilitishia kuyaharibu mawe yake. Kwa hivyo, milango mikubwa ya mbao iliwekwa, na mlinzi akaajiriwa kuifungua treni ilipokaribia na kuifunga ilipokwisha kupita. Yeye pia alikuwa na kibanda chake kando ya reli. Mgeni wa leo huingia kibandani ili alale. Mlinzi alikaa kibandani ili asilale.

Huenda ikadaiwa kuwa mgeni amelipia starehe, hakulipia somo la historia. Dai hilo lina uzito, lakini halitoshi. Njia hiyo ni tambarare na pana kwa sababu kuna watu waliopasua milima kwa jasho lao. Starehe isiyowataja ni sawa na kuwafukia mara ya pili. Wahenga walinena: usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha.

Suala hili linamgusa pia msomi wa Kiswahili nchini Kenya. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 ilifika Kisumu mwaka wa 1901, na maelfu ya vibarua kutoka Bara Hindi walipoteza maisha. Tangu reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilipofunguliwa mwaka wa 2017, umuhimu wa ile kongwe umepungua. Iwapo siku moja sehemu zake zitageuzwa njia za burudani, watalii watasimuliwa nini?

Jibu halitatoka kwa mkandarasi wa vibanda. Litatoka kwa wazee waliopeperusha bendera, waliotia makaa na waliolelewa katika landhi za Muthurwa, ambao wengi wao walifanya kazi hiyo kwa Kiswahili. Masimulizi yao ni fasihi simulizi kamili. Wanafunzi wa Kiswahili wayakusanye sasa, kwani mataruma yaking'olewa huonekana pengo, lakini mzee akiondoka na kumbukumbu zake, hata pengo halionekani.